Mbao Haina Jani

Habari ya ukaguzi wa mbao hapa Kasindi, mpakani mwa Kongo na Uganda, mmeisikia juma zima, hatutairudia. Kila mtu anabishana juu ya makaratasi: nani anayo, nani hana, ya nani ni ya uongo. Swali letu ni lingine, na tumeliuliza hapa mpaka wengine wanatucheka. Hiyo mbao ni ya mti gani?

Lori linatoka Mambasa, linapita Beni, linashuka hadi Kasindi. Njiani ni vizuizi, bariere baada ya bariere. Kila bariere wanahesabu mbao. Kila bariere wanapokea chao. Mti gani, hawaulizi. Likifika Lubiriha, deklara, wakala wa forodha, anaandika "mbao nyekundu", muhuri unagongwa, lori linavuka Mpondwe kuelekea Kampala, na mzigo mwingine unafika hadi Nairobi. Mbao nyekundu! Kana kwamba msitu wa Ituri una miti ya aina mbili tu, mwekundu na mweupe.

Tuseme wazi kinachotutia wasiwasi. Tangu Februari 2023, akaju ya Afrika, ile ambayo wataalamu huiita Khaya, imo katika kiambatisho cha pili cha CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Uamuzi ulichukuliwa Panama, Novemba 2022. Gogo lake na ubao wake haviruhusiwi kuvuka mpaka bila kibali. Sapeli, mti wa ukoo uleule, haukuguswa na uamuzi huo. Sasa mwite yeyote anayegonga mihuri, umwekee mezani ubao wa akaju na ubao wa sapeli. Zote nyekundu, zote zimejaa vumbi la barabara. Atakujibu nini? Na yule mfanyabiashara mwaminifu mwenye sapeli halali, akiambiwa kwamba amebeba akaju, atajitetea kwa njia gani?

Msituni mambo ni mengine. Mzee aliyezaliwa Mambasa hababaiki. Kwanza anatazama chini, anaokota tunda. Tunda la akaju ni la mviringo na gumu. Likikauka hupasuka vipande vinne au vitano, na mbegu zake ni bapa, zimezungukwa na ubawa mwembamba pande zote. Tunda la sapeli ni refu, nene kama sigara kubwa, na kila mbegu ina bawa moja refu upande mmoja tu. Halafu anachanja shina kwa panga na kunusa, maana sapeli mbichi ina harufu nzuri, jamaa ya mwerezi. Majani hayategemei sana: ya miti yote miwili ni vijani vingi kwenye kikonyo kimoja, tena yako juu zaidi ya mita 30, nani atayaona?

Lakini mashine ya kupasua ikishapita, tunda limebaki msituni, gamba limebaki. Mbao inayofika Kasindi haina jani. Na bariere zote zile zimehesabu, zimepokea, hazikuuliza.

Wako watakaosema kwamba hapa mpakani haiwezekani tena kujua. Inawezekana. Kata kichwa cha ubao kwa wembe mkali mpaka kilainike, ukitazame kwa lenzi inayokuza mara 10. Sapeli itakuonyesha mistari myembamba, myeupe, inayofuatana. Kwenye akaju mistari hiyo ni nadra. Si uchawi huo. Yangambi, kule Tshopo, kuna hebaria kubwa, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, na maabara ya mbao. Na huku mkoani kwetu, Butembo, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kina kitivo cha kilimo. Kwa nini vijana wake wasiitwe mpakani?

Basi, wakubwa wa mkoa na watu wa Mazingira, jina la mti liandikwe kwenye kisiki, siku ya kuukata, mbele ya mwenye msitu! Babila na Bambuti wa Mambasa, msikubali tena kuuza "mti mwekundu"; uzeni akaju kwa jina la akaju, kwa maana bei yenu inafichwa humo. Wanunuzi wa Butembo, msilipe kabla ya kuambiwa jina. Ninyi wa bariere, ikiwa lazima mhesabu, ulizeni pia! Na mkaguzi wa Lubiriha apewe wembe na lenzi kabla ya kuongezewa muhuri mwingine.