Maji ya Mvua: Kutoka Paani Hadi Kikombe cha Mtoto

  Leo tutazungumza juu ya maji ya mvua.

Mama msikilizaji, usiku mvua inanyesha, mabati yanalia na maji yanamwagika uani. Asubuhi unabeba mtungi kwenda kutafuta maji. Je, unajua ni maji kiasi gani yamekupita? Hebu tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Paa la mita 6 kwa 5 lina mita 30 za mraba. Mvua ya milimita 10 itakupa lita 300. Hata lita 60 zikipotea, utabaki na lita 240, yaani mitungi 12 ya lita 20.

Kuvuna mvua si jambo geni kwetu Pwani. Katika visiwa vya Lamu, wazee walijenga majabia. Jabia lina sakafu pana inayokusanya mvua na kuipeleka ndani ya tangi. Maji hayo ni ya kijiji, kwa hivyo sakafu ni lazima ifagiliwe kabla ya masika, na mbuzi wasiachwe kupita juu yake. Nyumbani sheria ni hiyo hiyo. Mvua hushuka ikiwa safi. Uchafu huyapata maji njiani. Basi tuifuate njia hiyo.

Kwanza ni paa. Juu yake kuna vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Safisha mifereji kabla ya mvua kuanza. Mvua ya kwanza usiikinge. Iache ioshe paa kwa dakika 10 hadi 15, kisha elekeza maji kwenye tangi. Zikipita siku nyingi za jua, fanya hivyo tena. Kama nyumba yako ni ya makuti, maji yake hutoka na rangi kama chai. Hayo yatumie kufulia na kumwagilia mboga, usiyanywe.

Pili ni chombo. Usitumie pipa lililowahi kutiwa dawa za shamba au mafuta. Funika chombo vizuri, na mahali maji yanapoingilia funga wavu. Pipa lililo wazi ni hatari kwa mtoto anayetambaa, na pia ni nyumba ya mbu. Mwaka wa 2004, wakati wa ukame, homa ya chikungunya ilizuka Lamu na kuwapata wakazi wengi, kisha ikafika Mombasa. Mbu wanaoieneza hutaga mayai katika vyombo vya maji vya nyumbani. Chombo kisicho na mfuniko kimwage na ukisugue ndani kila wiki, kwa sababu mayai hugandama ukutani.

Tatu ni kikombe. Maji ya kunywa yatibu, hata kama yanang'aa. Yachemshe mpaka yatokote, au utie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa na ungoje dakika 30. Kama kuni ni shida, jaza maji yasiyo na tope katika chupa safi za plastiki zisizo na rangi, uzilaze juani kwa muda wa saa 6. Kukiwa na mawingu, ziache siku mbili. Maji yaliyotibiwa yaweke katika mtungi wenye mdomo mwembamba au bomba, ili mtu asitumbukize mkono wala kikombe. Na kabla ya kumpa mtoto maji, nawa mikono kwa sabuni.

Kumbuka, mama: mtoto ambaye hajafika miezi 6 hahitaji maji yoyote. Maziwa yako yanamtosha, hata siku za joto.

Mtoto akianza kuharisha, usingoje. Mpe maji ya ORS, ukichanganya pakiti kwa maji safi kama ilivyoandikwa. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Kituo cha afya watakupa pia tembe za zinki. Mpe kwa siku zote ulizoambiwa, hata akiwa ameacha kuharisha. Ukiona macho yameingia ndani, amelegea, hawezi kunywa, au kuna damu katika choo chake, mkimbize hospitali mara moja.

Akina mama, tangi kubwa ni ghali, lakini unaweza kuanza na kipande cha mfereji na pipa moja lenye mfuniko. Kina mama wa chama wakichanga pamoja, wataweza kununua tangi moja baada ya jingine. Leo jioni simama uani, utazame paa lako, kisha jiulize: mvua ijayo, maji haya yatakwenda wapi?