Betri ikifa, sumu yake haifi



Wakulima wa mpunga wa Ifakara, Mngeta na Mlimba hawahitaji kufundishwa tabia ya maji. Masika mto Kilombero hufurika, na maji yakishuka huacha tope jipya mashambani. Tope hilo ndilo neema ya bonde. Lakini tope halichagui mzigo. Hubeba rutuba, na hubeba pia tulichokimwaga sisi.

Leo nataka kuzungumzia betri zilizokufa. Za magari na pikipiki tunazijua siku nyingi. Sasa zimeongezeka za umeme wa jua, zilizoleta taa na redio katika vijiji visivyofikiwa na nguzo. Hayo ni maendeleo, nami nayafurahia. Lakini kila betri ina siku yake ya kufa. Je, tuizike wapi?

Jibu langu ni kwamba isizikwe. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, na risasi ni mali. Huyeyushwa ikatengeneza betri nyingine. Ndiyo maana wanunuzi wa vyuma chakavu wanaitafuta. Ubaya huanza pale mtu anapoipasua kwa shoka nyuma ya nyumba, akamwaga tindikali chini na kuyeyusha risasi kwenye sufuria. Haanguki mtu siku hiyo, kwa hiyo tunadhani hakuna lililotokea. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima. Huharibu ubongo. Mtoto anabaki nyuma darasani, anaitwa mvivu, kumbe amelishwa sumu uani kwao.

Wala si kila kiwanda ni dawa. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichoanza mwaka 2007 kiliwadhuru majirani zake, hadi kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Uamuzi huo ulitenguliwa kwenye rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Hata hivyo, fidia haimrudishii mtoto akili yake.

Nayasema haya kwa watu wa mjini kwa makusudi. Betri nyingi za Ifakara zilipakiwa Dar es Salaam. Gari lililozipeleka linaweza kuzirudisha. Muuzaji na apokee betri mbovu ikiwa nzima, na maji yake ndani, kisha ampunguzie mteja bei ya mpya. Simu na redio mbovu nazo zirudi kwa njia hiyo badala ya kuchomwa jalalani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake zinataka mkusanyaji wa taka hatarishi awe na kibali. Halmashauri zikague vibali hivyo, na zijue mzigo unaishia kiwanda gani.

Tusiseme hayo ni ya watu wa bondeni. Mchele wa Kilombero tunaula hapa mjini. Na mto ule hukutana na Luwegu ukawa Rufiji, ukateremka mpaka kwa wavuvi wa kamba wa delta. Anayemwaga sumu Ifakara hajui itanywewa na nani.