Chakula cha Nje kwa Mapishi ya Kusini mwa Marekani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya vijana na wazazi baada ya tarawehe)



Nilipotaja mada hii kwenye kamati, ndugu mmoja aliniuliza: "Wamarekani na futari yetu ya uwanjani, wapi na wapi?" Swali zuri. Mimi nasoma historia, na katika kusoma nimekuta kwamba watu weusi wa kusini mwa Marekani, kule Georgia, Carolina na Virginia, ni mabingwa wa kualika watu wakala nje chini ya miti. Na chakula chao mkikifunua mtakijua.

Tukifunue basi. Kuna kunde. Kuna bamia, haya haya mabenda yetu. Kuna wali, na majani ya jamii moja na sukuma wiki. Kunde na bamia asili yake ni Afrika, zilivuka bahari pamoja na watumwa. Hata mchuzi wao mashuhuri wa bamia, gumbo, jina lake latoka Angola, ambako bamia huitwa kingombo. Kibantu hicho, jamani! Na mabwana wa Carolina walitajirika kwa mpunga uliolimwa na watumwa, wengi wao watu wa Afrika Magharibi ambao mpunga waliujua tangu kwao.

Sasa sikilizeni nukta yangu. Mtumwa alipika karamu kubwa kubwa kwa wageni wa bwana wake, lakini yeye mwenyewe hakuweza kumwambia mtu "karibu". Kukaribisha kunataka uwe na mlango wako. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, kutandika meza yako na kuita watu kukawa na uzito ambao sisi hatuuhisi. Bi Edna Lewis, mpishi aliyezaliwa mwaka 1916 katika kijiji cha Freetown, Virginia, kilichoanzishwa na watu waliotoka utumwani, babu yake mmoja wao, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1976 jinsi majirani walivyotandika meza ndefu chini ya miti nje ya kanisa, kila nyumba na vyungu vyake.

Mimi nimewahi kwenda futari ya tiketi, sitasema wapi. Ndani watu wanapiga picha sinia, nje mlinzi wa lango anafturu kwa maji. Hapo nani alikaribishwa?

Tukitaka kufanya kama wao, gharama si kubwa. Kuku aloweshwe usiku kucha katika maziwa lala yenye chumvi na pilipili, kisha apakwe unga wa ngano akaangwe kwa mafuta mengi, moto wa wastani, mpaka mfupani. Akipoa bado ni mtamu, ndiyo maana anafaa kuliwa nje. Mkate wao ni wa unga wa mahindi, mayai na maziwa lala, humiminwa kwenye kikaango cha chuma kilichokwisha pata moto na mafuta. Mimi nauita ugali uliopata bahati. Chai hutiwa sukari ingali moto, ikipoa ndipo barafu. Saladi ya viazi itoke mwisho kabisa, kwa maana chakula kilichopikwa hakifai kukaa nje zaidi ya saa 2, na joto likipita nyuzi 32, saa 1 tu. Na ndugu wanaume, masufuria hayajioshi.

Majani yao huchemshwa polepole, muda mrefu, na hapa tusimame kidogo, kwa sababu desturi yao ni kutia nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Waislamu weusi wa huko hutia bata mzinga wa moshi, na ladha haipotei. Sisi tutie mifupa ya ng'ombe, na ile supu tusiimwage. Ni ya kuchovya mkate wa mahindi.

Msidhani Waislamu hao ni wa jana. Kisiwani Sapelo, Georgia, alikuwako mtumwa aitwaye Bilali Muhammad, mtu wa Futa Jallon, katika Guinea ya leo. Aliacha maandishi ya Kiarabu ya fiqhi ya Imam Malik, na hadi leo yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Georgia. Miaka ya 1930 waandishi walimkuta kitukuu wake kisiwani. Akawasimulia kwamba bibi yake, bintiye Bilali, siku moja maalumu kila mwaka alikuwa akitengeneza vimkate vya mchele, akiwaita watoto wote na kumtia kila mmoja chake mkononi. Vimkate hivyo aliviita saraka. Wanahistoria, akiwamo Sylviane Diouf, wanasema neno hilo ni sadaka. Bibi yule alikuwa mtumwa, ndugu zangu, na bado alipata kitu cha kuwaitia watu.

Basi kamati ikikubali, meza ya watoto Jumamosi iwe ya saraka. Mama zetu wa vibibi na vitumbua hawahitaji kufundishwa: mchele huoshwa, hulazwa majini usiku, asubuhi hutwangwa kinuni ukawa kama kinyunga, hutiwa asali au sukari, ukafinyangwa bapa kwa mkono. Kinu nitaleta mimi. Anayeweza kuleta mchele tuonane pale mlangoni, na watoto wa mtaa wa nyuma waambiwe mapema.