Kubadili Springi za Mbele za Motokaa Nyumbani



Motokaa ikianza kuinama upande mmoja kwa mbele, au ikigonga kwa kishindo kila ipitapo shimo dogo, mara nyingi mwenyewe hudhani kwamba shokamzoba zimekwisha. Pengine ni kweli, lakini yafaa kwanza atazame springi. Aiegeshe motokaa bila mzigo mahali palipo sawa, apime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi iliyo juu yake, kisha apime upande wa pili. Tofauti ikiwa ya upana wa kidole au zaidi, yaelekea springi ya upande ulioshuka imechoka au imevunjika. Springi huvunjika sana katika mzunguko wa chini kabisa, ambapo matope na maji hukaa na kutu ikala chuma taratibu. Basi asione haya kulala chini na kuchungulia kwa tochi.

Motokaa nyingi ndogo, Toyota Corolla miongoni mwazo, zina springi ya mbele iliyozunguka shokamzoba, vyote viwili vikiwa mguu mmoja. Mtindo huo ulitokana na kazi ya Earle MacPherson, mhandisi wa Marekani, nao ulionekana katika Ford Consul na Zephyr zilizoonyeshwa London mwaka 1950. Peugeot 404 ilikuwa nao pia, ile iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki mwaka 1963, na tena mwaka 1966, 1967 na 1968. Wazee wanaozikumbuka barabara za siku hizo hawahitaji kuelezwa springi zile zilivumilia nini.

Springi hununuliwa mbili, za kushoto na kulia pamoja, maana mpya ikikaa na kuukuu motokaa haisimami sawa. Nati za magurudumu hulegezwa kidogo kabla motokaa haijainuliwa. Magurudumu ya nyuma huzuiwa kwa vigingi, breki ya mkono huvutwa, na motokaa ikishainuliwa kwa jeki huwekwa juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia tu. Si ya kushikilia. Matofali hayafai kabisa, kwa sababu hupasuka ghafla bila kutoa ishara.

Gurudumu likiondolewa, mpira wa breki na waya wowote uliofungwa kwenye mguu hufunguliwa katika vishikizo vyake. Boliti mbili za chini, zinazoshika mguu na kitako cha gurudumu, hutiwa alama kwa rangi kabla ya kufunguliwa, ili zirudi zilipokuwa. Kitako hicho hufungwa kwa waya kisining'inie kwenye mpira wa breki. Mwisho hufunguliwa zile nati, kwa kawaida tatu, zinazoonekana chini ya boneti, huku mtu wa pili akiushika mguu usianguke. Nati kubwa ya katikati isiguswe.

Juu ya nati hiyo ndipo penye hatari yenyewe. Springi iliyomo katika mguu imebanwa kwa nguvu ya kubeba uzito wa motokaa, na nati ya katikati ndiyo peke yake inayoizuia. Mtu akiifungua kabla ya kuibana springi, chuma na kifuniko chake huruka kwa kasi ya kuvunja taya au kuua. Wako mafundi wanaoifunga springi kwa mnyororo au waya wa seng'enge, na wengine wamefanya hivyo miaka mingi bila kuumia. Hiyo ni bahati, si ufundi. Vibano vya springi hupatikana, na asiyeweza kuvinunua aweza kuviazima, au kupeleka mguu uliokwisha kutolewa kwenye gereji ili kazi hii moja tu ifanywe huko.

Vibano viwili huwekwa vikielekeana, vikishika mizunguko mingi iwezekanavyo. Hukazwa kwa spana ya mkono, zamu kidogo huku na zamu kidogo kule, mpaka springi icheze ndani ya vikalio vyake. Hapo tu ndipo nati ya katikati hufunguliwa, na uso usiwe mbele ya ncha ya mguu. Springi mpya mara nyingi huwa ndefu kuliko ile iliyochoka, hivyo huhitaji kubanwa zaidi. Ncha yake ya chini lazima iingie katika hatua yake kwenye kikalio. Ikipanda juu ya hatua hiyo itazunguka na kugonga. Mpira na beringi ya juu vitazamwe wakati huo huo, maana bei yake ni ndogo kuliko taabu ya kufungua tena. Nati mpya ikishakazwa barabara, vibano hulegezwa kwa zamu zile zile.

Mguu hurudishwa, boliti zikifuata alama zake, na upande wa pili hufanywa vivyo hivyo. Nati za magurudumu hukazwa mara ya mwisho motokaa ikiwa chini. Baada ya safari ya kilomita 50 au 100 boliti zote zijaribiwe tena kwa spana, kisha motokaa ipelekwe kupimwa mwelekeo wa magurudumu, kwani springi mpya huubadilisha, na tairi zisizotazama sawa huliwa upande mmoja kwa muda mfupi.