Ngwara: Kutoka Sokoni Hadi Chunguni



Mazungumzo yetu ya leo yahusu ngwara, iitwayo pia fiwi, ambayo Wakikuyu wa Kenya huiita njahi na kumpikia mama aliyejifungua. Ni mmea wa jamii ya kunde utambaao. Ukipata bua la hindi au mti, huparamia mita kadhaa. Mbegu zake huwa nyeusi, za kahawia au nyeupe, na kila moja ina mstari mweupe ulioinuka ubavuni. Mnunuzi aitambue kwa alama hiyo. Majani na maganda machanga ni mboga, na takriban robo ya uzito wa mbegu kavu ni protini.

Lakini lililotuleta hapa ni chungu. Mbegu kavu zina viini viwezavyo kutoa sumu ya sayanidi, na vingine vinavyovuruga tumbo zisipoiva. Zilowekeni usiku kucha, mwageni maji yale, kisha zichemsheni katika maji mapya, sufuria ikiwa wazi ili mvuke utoke. Mwageni maji hayo pia, ndipo mtie mengine na kupika hadi ziwe laini kabisa. Moto hafifu usiochemsha hautoshi. Wapo waonao kwamba kumwaga maji ni kutupa ladha. Ladha na irudishwe kwa nazi na kitunguu. Magadi hulainisha upesi, ila huharibu baadhi ya vitamini za kundi B, wala hayaondoi haja ya kumwaga maji.

Sokoni, mbegu zilizotiwa rangi ya waridi au buluu ni za kupandwa, nazo zimepakwa dawa. Hata zikioshwa haziliwi. Epukeni zenye vitundu vya wadudu, na pimiwani kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo badala ya kisado kilichobonyezwa.

Mwenye shamba apande ngwara wiki chache baada ya mahindi kuota, la sivyo huyalemea. Mizizi yake huzama mbali, hivyo hustahimili ukame, na huurutubisha udongo kwa naitrojeni. Huvunwa maganda yakikauka, mara nyingi baada ya mahindi. Zikaukapo vyema, zitiwe katika mifuko isiyopitisha hewa: wadudu hufa kwa kukosa hewa, na chakula hakiguswi na dawa.