Dakika za Barabarani: Kima cha Chini cha Mshahara kwa Waajiri wa Huduma za Majumbani Uingereza



1. Utangulizi

Nimetakiwa nieleze mabadiliko ya karibuni ya sheria za kazi Uingereza. Tangu Aprili 2024 mwajiriwa anaweza kuomba kubadilishiwa ratiba kuanzia siku ya kwanza kazini. Tangu Oktoba 2024 mwajiri anawajibika kuzuia unyanyasaji wa kingono kabla haujatokea. Sheria ya Haki za Ajira ya 2025 inapunguza muda wa kusubiri kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki, kutoka miaka 2 hadi miezi 6, kuanzia Januari 2027. Ireland Kaskazini ina utaratibu wake katika hayo. Mada hii inaelimisha tu. Haichukui nafasi ya wakili.

2. Tatizo lenyewe

Pembeni ya mabadiliko hayo, ninalotaka tulizungumzie hasa ni kima cha chini cha mshahara. Kampuni nyingi za kuhudumia wazee majumbani humlipa mhudumu dakika anazokaa na mteja tu. Kanuni za kima cha chini cha mshahara za 2015 hazikubali hilo. Kutoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni hakuhesabiwi. Lakini kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine ni kazi.

Tuchukue mhudumu mwenye wateja 12 kwa siku, nusu saa kila mmoja, kwa pauni 13 kwa saa. Analipwa saa 6, pauni 78. Barabarani ametumia saa 2. Gawanyeni kwa saa 8: pauni 9.75. Kima cha chini tangu Aprili 2026, kwa wenye miaka 21 na zaidi, ni pauni 12.71. Kipindi chote cha malipo kikienda hivyo, kila siku anapunjwa pauni 23.68. Akijinunulia petroli ya kazi bila kurudishiwa, anapunjwa zaidi.

Mwajiri akibainika, hulipa malimbikizo, pamoja na faini inayoweza kufika mara 2 ya malimbikizo hayo, isiyozidi pauni 20,000 kwa kila mfanyakazi. Jina la kampuni laweza kutangazwa hadharani.

Jibu ninaloletewa kila mara ni kwamba halmashauri, inayonunua huduma hizi, hailipii safari. Mikataba mingi ya halmashauri na waajiri ndivyo ilivyo. Lakini mhudumu hakusaini mikataba hiyo. Deni lake liko kwa mwajiri.

3. Mapendekezo

(i) Ratiba ionyeshe muda wa safari, si muda wa mteja peke yake.
(ii) Kumbukumbu za muda huo zitunzwe miaka 6.
(iii) Petroli ya kazi irudishwe.
(iv) Kila kipindi cha malipo, fedha zigawanywe kwa saa zote, safari zikiwemo.
(v) Zabuni ya halmashauri isisainiwe kabla ya hesabu hiyo.
(vi) Halmashauri ziombwe, kwa maandishi na kwa heshima, kulipia safari.
(vii) Zikikataa, mhudumu alipwe vilevile.