Limau Usilipeleke Kwenye Marumaru

Msikilizaji, leo tunaingia jikoni. Kama kaunta yako ni ya marumaru halisi, yaani jiwe lenyewe, usiisafishe kwa limau wala siki, hata ukisikia kwamba vinang'arisha kila kitu. Marumaru ni kalsiamu kaboneti. Tindikali ya limau au siki ikiigusa, povu jembamba hutoka na jiwe huliwa. Hubaki baka lisilo na mng'ao, na hilo halifutiki kwa kitambaa. Hadi fundi aje kulisugua upya. Graniti ni ngumu zaidi, lakini siki huidhoofisha dawa iliyopakwa kuzuia madoa.

Dawa ya kila siku ni rahisi mno. Maji ya vuguvugu na matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Futa kwa kitambaa laini, pitisha kingine chenye maji matupu, kisha kausha. Usiruke kupitisha maji matupu wala kukausha, maana sabuni ikibaki huacha utando.

Ukitaka kuua vijidudu, paka spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70, iache ikauke yenyewe. Jiko liwe limezimwa. Na tafadhali sana, usiichanganye na jiki: mvuke wa mchanganyiko huo ni sumu.

Doa la mafuta? Koroga beking soda na maji hadi iwe uji mzito. Siyo beking pauda, ile ina tindikali. Paka, funika kwa nailoni, ondoa baada ya saa 24. Doa sugu huhitaji kurudiwa.